Homa ya mapafu: tuchunge na moyo



Homa ya mapafu inayoletwa na virusi, kama ya gripi au ya Covid-19 iliyoingia nchini mwetu mwezi wa tatu 2020, haiumizi mapafu peke yake. Moyo nao unateseka.

Moyo ni kama pompi inayotoa maji shimoni: lazima ufanye kazi kwa kipimo, bila kusimama. Mapafu yakiharibika, hewa inayoingia katika damu inapunguka, na moyo unajikaza. Kila digri moja ya homa inaongeza mapigo karibu 10 kwa dakika. Kutapika na kuhara kunatoa chumvi ambazo moyo unazihitaji. Hapo moyo unaweza kupoteza kipimo chake na kupiga ovyo.

Moyo ukipiga ovyo, damu inaweza kulala ndani yake na kuganda. Kipande cha damu hiyo kikipanda kwenye ubongo, mgonjwa anapooza. Waganga wa nchi nyingi waliona kwamba wagonjwa wa Covid-19 waliolazwa na mapigo yaliyoharibika walikufa wengi kuliko wenzao. Mara nyingine mapigo hayo yanaongeza hatari. Mara nyingine ni alama kwamba ugonjwa umezidi.

Mufanye hivi:

1. Mgonjwa apumzike dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika 1 nzima. Mtu mzima aliyepumzika ana mapigo 60 mpaka 100.

2. Yakizidi 100 hata homa ikishuka, ao yakirukaruka, mpeleke kwa mganga siku ile ile. Akizimia, akiumwa kifua, akikosa pumzi, ao kinywa kikipinda, usingoje asubuhi.

3. Usinunue klorokini sokoni. Mwaka 2020 watu wengi waliimeza kwa ajili ya Covid-19. Haikuiponyesha, na inaweza kuharibu mapigo ya moyo, zaidi ikichanganywa na azitromisini.

4. Mwenye dawa za moyo asiziache. Azionyeshe mganga.

5. Usishuke shimoni na homa. Mwambie kapita wako. Anayezimia karibu na mashine anaweza kujiua na kuua wenzake.

Kuonyesha ugonjwa mapema si woga. Kazi itakungoja; watoto wako nao wanakungoja nyumbani.