Uza Tangi Kwanza, Samaki Waje Baadaye

Wafanyabiashara wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka mpaka Nkwenda na Murongo, somo la leo ni la wanaouza samaki wa mapambo na matangi ya kioo kupitia WhatsApp na Facebook.

Lawama za mteja huwa ni zile zile: "Umeniuzia samaki wagonjwa. Walifika wazima, wiki haijaisha wamekufa wote. Nirudishie hela yangu." Ukirudisha, faida imekwenda. Ukikataa, anakuanika kwenye magrupu. Na mara nyingi samaki walikuwa wazima kabisa. Kilichowaua ni maji ya tangi jipya. Hilo unaweza kulizuia kabla hata hujamfungia mzigo.

TATIZO LINAANZIA WAPI?

Samaki anatoa amonia kwenye maji, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia ni sumu na haionekani kwa macho. Maji yanaweza kung'aa kama ya chemchemi na bado yakaua.

Kwenye tangi la zamani kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye mawe. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya bado halina hao bakteria wa kutosha. Wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana, na maji yakiwa ya baridi wanachelewa zaidi. Baridi ya usiku ya huku kwetu unaijua mwenyewe.

MPANGE MTEJA HIVI

1. Auziwe tangi, filta ya sponji na pampu ya hewa kwanza. Samaki alipie kidogo kama oda, achukue baadaye.

2. Ajaze maji. Kama ni ya bomba yenye dawa ya klorini, ayaache kwenye ndoo wazi saa 24 kwanza. Klorini inaua samaki na inaua bakteria pia.

3. Awashe filta usiku na mchana. Kila siku atupie chembe chache za chakula cha samaki. Kinaoza, kinatoa amonia, bakteria wanapata cha kula.

4. Wiki ya kwanza maji yakiwa meupe kama yana maziwa, asiyamwage. Ni kawaida, yatatulia yenyewe.

5. Kila wiki apime. Amonia na naitraiti zote zikisoma sifuri, na naitreti ikionekana, tangi liko tayari. Abadilishe nusu ya maji, aanze na samaki wawili au watatu wadogo. Wengine waongezwe taratibu.

MAJI YA MVUA

Nyumba nyingi huku zinakinga maji ya mvua kwenye simtanki. Ni masafi, ila hayana madini ya kutosha. Bakteria wakifanya kazi, maji hayo yanazidi kuwa na asidi, na asidi ikizidi bakteria wanagoma. Mwambie mteja achanganye na maji ya kisima au chemchemi, au aweke makombe ya baharini yaliyooshwa vizuri. Asiweke kabisa chokaa ya kupaka ukutani, itaunguza samaki.

Kama unauza samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Kigoma, hapo ndo uwe makini zaidi. Maji ya ziwa lile yana madini mengi na pH yake inakaribia 9. Ukiwatupa kwenye maji matupu ya mvua, usitegemee wadumu.

KAMA SAMAKI WAMESHAINGIA

Mteja akikupigia kwamba samaki wanahema juu juu ya maji, usianze kubishana naye. Mwambie apunguze chakula, siku moja ale, siku moja asile. Abadilishe robo ya maji kila siku mpaka hali itulie. Tangi la sentimeta 50 kwa 30, likijazwa kimo cha sentimeta 27, linabeba kama lita 40. Robo yake ni lita 10, yaani nusu ya ndoo kubwa. Pampu isizimwe. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, ikichafuka aikamue kwenye maji yaliyotolewa tangini humo humo.

WEWE UNAPATAJE HELA HAPA?

Nunua kipimo kimoja cha matone, kinapima mara nyingi. Mteja wa Nkwenda akutumie maji kwenye chupa safi kwa bodaboda, umpimie siku hiyo hiyo. Mtoze kidogo, au mpimie bure kama alinunua kwako.

Pili, weka sponji za ziada kwenye tangi lako la zamani lenye samaki wazima. Zikikaa wiki kadhaa zinajaa bakteria. Hizo uza kama bidhaa. Mteja akiiweka kwenye filta yake, muda wa kusubiri unapungua sana. Isafirishe ikiwa na unyevu wa maji ya tangi, isikauke wala kupigwa jua.

Tatu, mteja ambaye samaki wake wanaishi anarudi kununua chakula, mimea na samaki wengine. Wa samaki waliokufa harudi, na jirani yake haji.

NAKILI UJUMBE HUU, MTUMIE KILA MTEJA MPYA:

"Ndugu mteja, asante kwa kununua tangi. Samaki wako nimekutunzia. Washa filta leo, usiizime. Weka chembe chache za chakula kila siku. Kila wiki niletee maji kwenye chupa safi nikupimie. Yakiwa tayari nitakujulisha, uje uchague samaki wako. Ukiona lolote usilolielewa, nipigie kabla hujamwaga maji."

Tuma kabla mzigo haujaondoka. Kwenye hali ya hewa yenu maji yanachukua wiki ngapi kuwa tayari? Andika hapo chini, wenzako wajifunze.