Lakini, Ingawa, Bali: Namna ya Kuyatumia Katika Barua ya Basari

Shule zikikaribia kufunguliwa, vijana wa Karatina na vitongoji vyake huniletea rasimu za barua za kuomba basari niwasomee. Wengi wametoka nyumbani na maneno ya Kikuyu "no" na "ĩndĩ", na yote mawili yakifika kwenye karatasi huwa "lakini". Ndiyo maana naanza na neno hilo, kabla hata ya tahajia.

Soma sentensi hizi: "Nilipata B, lakini baba hana kazi." "Baba hana kazi, lakini nilipata B." Habari ni zile zile. Ya kwanza inamwachia msomaji shida. Ya pili inamwachia mwanafunzi mwenye bidii. Uzito huenda kwenye kile kinachofuata "lakini", na mwanakamati aliyekwisha kusoma rundo la barua hubaki na hicho. Basi amua kwanza unataka abaki na nini. Mimi hupenda shida itangulie na juhudi ifuate, isipokuwa kwenye aya ya karo inayodaiwa. Hapo deni ndilo likae mwisho.

"Ingawa" hufanya kazi nyingine: hupunguza uzito wa kile linachoandamana nacho, popote kilipo. "Ingawa baba hana kazi, nilipata B" na "Nilipata B ingawa baba hana kazi" zote zinaegemea ile B. Usiliongezee "lakini" katika sentensi hiyo hiyo. Ule mvutano umeshatajwa.

Jihadhari sana na "hata kama". "Ingawa" hukubali kwamba jambo ni kweli. "Hata kama" huliacha wazi. Ukiandika "hata kama baba hana kazi", kamati itajiuliza: ana kazi au hana? Liweke kwenye ahadi: "Hata kama nitapata nusu tu, nitarudi shuleni."

"Licha ya" hutaka jina au kitenzi cha ku-. Andika "licha ya kukosa karo", si "licha ya nilikosa karo".

"Bali" husahihisha, kwa hiyo hutanguliwa na ukanushi. Mfano wa hapa kwetu: Februari 1952 Elizabeth alilala Treetops, hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri, na usiku ule baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Asubuhi hakushuka akiwa binti wa mfalme bali malkia, ingawa mwenyewe alikuwa bado hajapata habari. Katika barua: "Siombi karo ya mwaka mzima, bali ya muhula mmoja." Sentensi hiyo huonyesha kwamba mwombaji amepima haja yake, nami huipenda sana.

Kuna pia "ilhali", ambalo mara nyingi hubeba lawama. "Jirani yetu alipewa ilhali baba yake ana duka" huenda ikawa kweli tupu, lakini aliyempa ndiye anayeisoma. Ukiikuta sentensi ya namna hiyo katika barua yako, ifute yote.