Feni ya Rejeta Inayozungushwa kwa Mafuta: Namna ya Kuitambua, Kuikagua na Kuitunza

Gari linalotoka Mangapwani kuelekea mjini, likapita Chuini na Bububu mshale wa joto ukiwa umetulia katikati, kisha likaanza kuchemsha mara tu linapokwama katika msongamano wa Darajani, limekwisha kueleza nusu ya ugonjwa wake. Likiwa katika mwendo, upepo wa njiani hupenya rejeta wenyewe na feni haina kazi kubwa. Likisimama, upepo uliobaki ni wa feni peke yake. Kwa hiyo gari linalopoa likikimbia na kupata joto likisimama huwa na kasoro ya feni, au ya kile kinachoiendesha feni hiyo. Lile linalopandisha joto hata likiwa katika mwendo wa kilomita 70 kwa saa huwa na maradhi mengine, kama vile rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, nayo yana matibabu yake.

Mafundi wengi wamezoea feni za aina mbili: ile ya umeme, na ile inayofungwa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda. Ipo ya tatu, ambayo haina mota ya umeme wala haishikani na injini. Huzungushwa na msukumo wa mafuta. Pampu inayoendeshwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwa nguvu kupitia mipira na mabomba ya chuma hadi kwenye mota ndogo iliyo katikati ya feni, na mafuta hayo hurudi kwenye kitangi chake. Kompyuta ndogo hupokea taarifa ya joto la maji kutoka kwenye sensa, kisha huamuru vali ya umeme iongeze au ipunguze mafuta yanayokwenda kwenye mota. Kiyoyozi kikiwashwa, feni hutakiwa kuongeza kasi.

Mfumo huu umo katika Toyota Windom za miaka ya 1990, gari ambalo nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus ES 300, na katika baadhi ya Jeep Grand Cherokee zenye injini ya lita 4.7. Mwenye gari asiyejua analo la namna gani atazame nyuma ya rejeta injini ikiwa imezimwa. Akiona mabomba mawili ya mafuta yakiingia katikati ya feni badala ya nyaya, amepata jawabu.

Kutoitambua feni hii ndiko kunakozaa gharama. Gari huchemsha, fundi hutafuta waya wa kuipima feni kwa betri na haupati, kisha huamua kung'oa thamostati ili maji yapite moja kwa moja. Desturi hii imeenea mno na haina faida hapa. Thamostati kazi yake ni kuiwezesha injini kufikia joto lake la kawaida haraka. Ikiondolewa, injini hufanya kazi kwa muda mrefu ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kulika upesi, ilhali feni iliyolegea inabaki imelegea. Baada ya wiki moja gari hurudi gereji, na safari hii silinda hedi imepinda.

Ukaguzi uanzie kwenye kitangi cha mafuta. Katika Windom, feni ina kitangi chake mbali na kile cha usukani, na wengi hujaza kimoja wakakisahau cha pili. Katika Jeep zilizotajwa, feni na usukani hutumia mafuta yale yale, na kwa sababu hiyo usukani ukiwa mzito siku zile zile ambazo gari limeanza kuchemsha, pampu au mafuta ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Kiwango kikiwa chini ya alama, feni huzunguka kwa unyonge na pampu hutoa mlio mwembamba. Rangi nayo ina habari zake. Mafuta mazima huwa mekundu na yenye kung'aa. Yakiwa ya hudhurungi na yananuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, hewa inavutwa mahali fulani, mara nyingi kwenye mpira wa kurudishia ambao kibano chake kimelegea. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia.

Mfumo huu umefungwa, na mafuta hayapungui bila ya kuvuja. Kuongeza kila wiki bila ya kutafuta pa kutokea ni kuahirisha tu. Huko Mangapwani kazi ya kutafuta ina wepesi wake: vumbi jeupe la mawe ya matumbawe hunata palipo na mafuta na kufanya utando mzito, na utando huo huonyesha njia. Ukiwa umetapakaa kwa duara ndani ya ngao ya feni na nyuma ya rejeta, sili ya mota imekatika. Ukiwa upande wa mkanda, sili ya pampu ndiyo inayovuja, na mkanda uliolowa mafuta huteleza, kwa hiyo feni hupungukiwa mara mbili. Sehemu nyingine ya kutazamwa ni pale mpira unapobanwa kwenye bomba la chuma. Upepo wa bahari hula chuma hicho kutoka nje, na kutu huanzia chini ya kibano, mahali ambapo jicho halifiki mpaka kibano kisogezwe.

Eneo lioshwe, likaushwe, injini iwashwe, kisha kipande cha boksi kipitishwe karibu na mabomba ili kuona matone. Mkono usitumike kamwe. Mafuta yenye msukumo mkubwa yanaweza kupenya ngozi kwa tundu dogo lisilouma mwanzoni, na jeraha hilo ni la hospitali hata likionekana dogo.

Kiwango kikiwa sawa na hakuna panapovuja, zamu ni ya mkanda, kisha ya umeme. Soketi za sensa ya joto na za vali ya pampu zifunguliwe zitazamwe kama zina ukungu wa kijani, ambao ni alama ya chumvi. Mara nyingi kuzisafisha kunatosha. Ikibaki kwamba feni ni hodari asubuhi na hafifu baada ya saa moja ya safari, pampu au mota imelika kwa ndani: mafuta yakipata joto huwa mepesi na hupenya kwenye nafasi zilizolika badala ya kusukuma. Hapo hakuna dawa ila kubadilisha kifaa.

Mafuta ya kujaza ni yale yaliyotajwa katika kitabu cha gari. Kwa Windom ni mafuta ya gia za otomatiki, yenye maandishi ATF kwenye kopo. Mafuta ya breki yasitiwe hata kwa dharura ya siku moja, maana huvimbisha sili na kuziharibu zote kwa pamoja. Baada ya kujaza, injini iachwe ingurume taratibu bila ya kukanyagwa, kiwango kiongezwe kila kinaposhuka, mpaka povu liishe.

Wako wanaopendelea kuuondoa mfumo huu na kufunga feni ya umeme, na kwa gari ambalo spea zake ni adimu uamuzi huo una mantiki. Ila ufanywe kikamilifu. Feni iwe na ukubwa wa kufunika rejeta, ngao yake ibaki, umeme upitie kwenye relei na fyuzi, na waya uwe mnene. Feni iliyounganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo imekwisha kuwa chanzo cha moto chini ya boneti. Pampu ya zamani nayo isiachwe ikizunguka bila ya mafuta, kwani itakwama na kuukata mkanda.

Gari likichemsha njiani, kiyoyozi kizimwe, hita ifunguliwe hadi mwisho ili itoe joto, na gari liegeshwe. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta iliyofungwa hufikia karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyeufungua. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini yenye moto. Gari lililokodiwa usiku kumkimbiza mgonjwa Mnazi Mmoja nalo lisilazimishwe kumalizia safari. Kumhamishia mgonjwa katika gari jingine kunachukua dakika chache kuliko injini kukwama katikati ya njia.

Maji ya visima vya pwani yana chokaa, na mengine yana chumvi. Yakitiwa ndani ya rejeta mwaka hadi mwaka huacha magamba yanayoziba mirija, na hapo hata feni nzima haitoshi. Ni bora kutumia maji maalumu ya rejeta, au maji ya mvua yaliyokingwa safi pale yanapokosekana.

Mafuta yaliyomwagwa katika matengenezo yakusanywe ndani ya dumu lenye kifuniko na kupelekwa gereji inayopokea mafuta machafu. Ardhi ya Mangapwani ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na pango lake la asili lina dimbwi la maji baridi ambalo wakaazi wamelijua tangu zamani. Mafuta yanayotupwa kwenye shimo la mawe nyuma ya nyumba hayabaki pale yalipotupwa. Huteremka na mvua za masika hadi kwenye maji yale yale yanayotekwa visimani.