Kwa Mkapa kwa ndege: namna ya kupanga safari ya dabi

Machi 8, 2025 mashabiki wa mikoani walikuwa wameshafika Dar es Salaam pale Bodi ya Ligi ilipotangaza kwamba mchezo wa Yanga na Simba umeahirishwa. Simba walikuwa wamekwisha kusema hawatacheza, baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa jioni ya kuamkia mechi. Ukapangwa Juni 15, ukasogezwa tena, ukachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Miaka minne kabla ya hapo, Mei 8, 2021, ilitosha muda wa kuanza kusogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku: Yanga wakafika uwanjani kwa muda wa awali, wakaondoka zao, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3.

Naanza na tarehe hizo kwa sababu anayetoka Mwanza, Mbeya au Bukoba kwa ndege ana mambo mawili mkononi yasiyopatana. Mechi ya watani wa jadi inaweza kuhama hata siku yenyewe. Tiketi ya ndege ya bei ya chini haihami, au inahama kwa faini. Ukipanga safari yako kana kwamba vyote viwili vimesimama, mfuko utakuuma. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa ni wa namna ya kujiachia nafasi kati ya hivyo viwili, bila kuimaliza akiba ya nyumbani.

Kwanza, ijue nauli inavyofanya kazi. Abiria watatu waliokaa safu moja wanaweza kuwa wamelipa bei tatu tofauti. Shirika hugawa viti vya ndege katika makundi ya bei: vichache vya chini kabisa, vikiisha linafunguliwa kundi la juu yake, na kuendelea hivyo hadi siku ya safari. Ratiba ya ligi ikitoka na tarehe ya dabi ikajulikana, viti vya chini vya Ijumaa na Jumamosi ndivyo vinavyoondoka mwanzo. Jaribu Alhamisi jioni, au Ijumaa asubuhi mapema, ambapo wengi bado wako kazini.

Wanaokumbuka Fastjet ilipoanza kuruka Novemba 2012 kwenda Kilimanjaro na Mwanza wanalikumbuka pia lile tangazo la Sh 32,000. Bei hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa kabla ya kodi na tozo, na kwa wale tu waliowahi. Shirika lile halipo tena kwenye anga yetu, lakini namna ile ya kutangaza bei imebaki. Nauli ya ndani inabeba VAT na tozo za kiwanja, kwa hiyo usilinganishe mashirika kwa bei ya ukurasa wa mwanzo. Nenda mpaka ukurasa wa kulipa, ongeza begi kama utabeba begi, ndipo uandike jumla kwenye karatasi.

Mkisafiri kama tawi la mashabiki kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mko wanne, na viti vya bei ya chini vimebaki viwili. Ukiandika abiria wanne, mifumo mingi huwapa wote wanne bei ya juu, kwa kuwa kundi la chini haliwatoshi. Tafuta kwanza kwa mtu mmojammoja uone bei inaruka wapi. Kisha wawili wanunue cha chini, wawili cha juu, na tofauti mgawane. Mkifika kumi na zaidi, achaneni na simu, mmoja wenu aende ofisi ya shirika akaulize nauli ya kundi. Mara nyingi hiyo huruhusu kuweka nafasi kwa malipo ya awali na kutaja majina baadaye, na hiyo ni faida kubwa kwa tawi ambalo kila wiki mtu mmoja anajitoa na mwingine anaingia.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote: nunua kwenda na kurudi kama tiketi mbili tofauti, hata ikiwa ni shirika lilelile. Ukinunua pamoja na ukakosa ndege ya kwenda, kwa kawaida mfumo unaifuta na ile ya kurudi. Umepanda basi kwa shida ukawahi mechi, Jumatatu unafika kiwanjani unaambiwa jina lako halipo. Tiketi mbili zinakupa uhuru wa kuharibikiwa upande mmoja bila kuharibikiwa wa pili.

Na kama fedha inatosha ndege moja tu, panda ya kurudi. Najua wengi hufanya kinyume, wanakwenda kwa ndege na shangwe, wanarudi kwa basi. Lakini fikiria hesabu ya siku. Barabara ya Mwanza hadi Dar ni takribani kilomita 1,100. Basi la alfajiri ya Alhamisi linakufikisha usiku, na hata likiharibika njiani Singida, una Ijumaa nzima ya kulisubiri kabla ya mechi ya Jumamosi. Kurudi huna ziada hiyo. Umechoka, sauti imekauka, na Jumatatu mwajiri anakutazama. Ndege ya saa moja na nusu inafanya kazi kubwa zaidi hapo. Isitoshe, tiketi ya kurudi unaweza kuinunua baada ya kuona mechi imethibitishwa, ingawa bei itakuwa imepanda kidogo. Hicho kidogo ndicho gharama ya kulala usingizi.

Anayetoka Dodoma au Morogoro asome haya kwa kupita tu. Tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha Dar kwa saa chache, na kumtafutia ndege ni kumpotezea fedha.

Usipange kurudi usiku wa mechi. Naomba nieleweke vizuri hapa, maana hili ndilo linaloumiza vijana wengi. Mechi ya saa 11 jioni inaisha karibu na saa 1 usiku. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, na wote wanatoka kwa barabara zilezile za Chang'ombe na Temeke. Dawati la ndege hufungwa dakika 40 hadi saa nzima kabla ya kuruka, kulingana na shirika. Hata kama kiwanja kiko karibu, bodaboda yako haitaruka juu ya watu. Lala, uondoke kesho yake asubuhi au mchana.

Ukishalipa, kagua ulichopewa. Ujumbe unaofika una namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, mara nyingi ndiyo tu mtu anayoitazama. Namba hiyo inaonyesha kwamba nafasi imeshikwa, haionyeshi kwamba imelipiwa. Kwa mashirika mengi, tiketi iliyolipiwa ina pia namba ndefu ya tarakimu 13. Usipoiona, una nafasi ambayo mfumo utaifuta saa yoyote, hasa kama ulilipa kwa simu na namba ya malipo ikawa imekwisha muda. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, weka jina la ukoo na ile namba ya herufi sita, uone safari yako kwa macho yako. Fanya hivyo papo hapo kama umenunua kwa wakala wa mtaani, akiwa bado amesimama mbele yako. Msimu wa dabi hauishiwi wauzaji wa tiketi za hewani.

Jina nalo lifanane na kitambulisho utakachobeba, iwe cha NIDA, leseni au pasipoti. Rafiki anayekukatia tiketi anakujua kwa jina la mtaani. Mtumie picha ya kitambulisho badala ya kumtajia kwa simu.

Begi liwe dogo, na sababu yangu ni ya uwanjani zaidi kuliko ya ndege. Uwanja hauna pa kukutunzia begi, na mlangoni utapekuliwa. Vaa jezi, weka nguo moja ya kubadilisha, na betri ya kuchajia simu ikae kwenye begi la mkononi, haruhusiwi mtu kuiweka kwenye mzigo wa chini. Bendera ichukue bila mti wake.

Dar kuna jambo jema kwa mgeni: kiwanja cha ndege na uwanja wa mpira viko upande mmoja wa jiji. Ndege za ndani zinatua Terminal Two. Kutoka hapo ni Barabara ya Nyerere moja kwa moja hadi TAZARA, kisha unaingia upande wa Temeke. Huna sababu ya kufika mjini kati, sembuse kulala Sinza kwa kuwa binamu alikuambia kuna gesti nzuri. Tafuta gesti Chang'ombe, Temeke au karibu na TAZARA, uweke begi, upumzike, na siku ya mechi uende kwa miguu. Kutembea ndiyo usafiri wa uhakika kuliko wote siku ile, kwa sababu barabara za jirani hufungwa au hujaa mapema. Piga simu gesti kabla, ulipe usiku wa kwanza, na mwombe mhudumu akutumie ujumbe wenye jina lake na kiasi ulicholipa.

Tiketi ya mechi usiiache mpaka ufike. Kuingia Mkapa ni kwa N-Card, na tiketi hununuliwa kwa namba ya kadi kupitia simu. Ukiipata kadi mapema, siku mauzo yakifunguliwa unakata tiketi yako ya mzunguko ukiwa hukohuko Mwanza. Kadi ndiyo inayosomwa mlangoni, kwa hiyo iwe mfukoni mwako, si kwa mwenyekiti wa tawi atakayefika na basi la pili.

Na siku likitokea la kuahirisha? Usikae kwenye kijiwe kubishana nani ana makosa kabla hujaigusa tiketi yako. Shirika la ndege halina deni lolote kwako kwa sababu ya mpira kuahirishwa. Lakini karibu kila shirika linatofautisha anayebadili tarehe kabla ya ndege kuruka na asiyetokea kabisa. Wa kwanza analipa faini na tofauti ya nauli, wa pili mara nyingi anapoteza yote. Piga simu mapema, kabla wenzako elfu moja hawajapiga. Kama hujaondoka nyumbani, sogeza ya kwenda kwanza. Kama uko Dar tayari, linganisha faini ya kurudi mapema na gharama ya kulala siku zilizobaki, uchague iliyo ndogo. Hali inageuka ikiwa shirika lenyewe ndilo limefuta ndege: hapo dai ndege nyingine au fedha zako, tunza kila ujumbe waliokutumia, na wakikuzungusha, mamlaka ya anga, TCAA, ina baraza la watumiaji linalopokea malalamiko.

Wenzetu wa Kenya wana shirika la bei nafuu la kweli, Jambojet, lililoanzishwa na Kenya Airways na kuanza kuruka mwaka 2014. Shabiki wa Mombasa, Kisumu au Eldoret anayefuata mechi Kasarani, Nairobi, ajue kwamba nauli ya chini kabisa hapo haina begi la kupakia chini, na ukisubiri kulilipia kiwanjani linakuwa ghali kuliko ukilikata mtandaoni. Wa Mombasa ana treni ya Madaraka pia, na kanuni yangu ya kurudi kwa ndege inamfaa vilevile.

Haya yote yatazidi uzito 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika litakapochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa upande wetu kuanzia Dar es Salaam na Zanzibar hadi uwanja mpya wa Arusha. Anayetaka kulitazama Arusha aanze kuzoea sasa kwamba kiwanja kikubwa cha ndege, cha Kilimanjaro, kiko kama kilomita 50 nje ya jiji, na nauli ya gari ya kuingia mjini lazima iwemo kwenye hesabu ya safari tangu siku ya kwanza. Mkiwa wanne kwenye gari moja inapungua sana, kwa hiyo pangeni ndege moja.