Mwenye nyumba anataka nihame

Swali: Nimepanga Mbweni, Zanzibar, nimelipa kodi ya miezi sita kwa makubaliano ya mdomo. Mwezi wa pili tu, mwenye nyumba ananitaka nihame, kapata mgeni wa kulipa kwa dola. Nifanyeje?

Jibu: Usihame, dada yangu. Kodi ameipokea, na miezi hiyo ni yako. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Tabu yake ni ushahidi. Kusanya risiti, ujumbe wa malipo kwenye simu, na aliyeshuhudia ukikabidhiwa funguo. Kisha muone sheha. Ukipewa ushauri na jamaa wa Dar es Salaam, uache: ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake. Mkataba ujao uandikwe, pamoja na muda wa notisi.