Afadhali Kifungo: Kisa cha Daktari Rukhmabai

Kama unasoma Singida mjini, Manyoni, Kiomboi au kwingineko mkoani kwetu, bila shaka umewahi kuingia katika duka la Mhindi kununua daftari au kitambaa cha sare. Wazee wa familia nyingi za namna hiyo walitoka Gujarat, magharibi mwa India, wakavuka bahari kwa majahazi na baadaye kwa meli. Leo nataka twende huko walikotoka. Ndani ya Gujarat kuna miji miwili, Surat na Rajkot, ambako daktari mmoja mwanamke aliwatibu na kuwazalisha akina mama kwa zaidi ya miaka 30, tangu mwaka 1895. Jina lake Rukhmabai.

Lakini kabla hajawa daktari alikuwa mshtakiwa. Kosa lake? Alikataa kwenda kuishi na mume ambaye aliozwa akiwa na umri wa miaka 11.

Miaka 11! Huyo ni mtoto wa darasa la tano hivi.

MTOTO WA MTOTO

Rukhmabai alizaliwa Bombay tarehe 22 Novemba 1864, wakati India ilipokuwa chini ya Waingereza. Mama yake, Jayantibai, aliolewa akiwa na miaka 14. Alipofika miaka 15 alikuwa tayari amejifungua, na akiwa na miaka 17 alikuwa mjane. Yaani umri ule ambao wewe unahangaika na mtihani wa kidato cha nne, yeye alikwisha kuwa mke, mama na mfiwa.

Katika koo nyingi za Kihindu wakati ule mjane hakuruhusiwa kuolewa tena. Bahati nzuri ukoo wao, wa mafundi seremala, uliruhusu. Jayantibai akaolewa na daktari aliyeitwa Sakharam Arjun, na huyu baba wa kambo ndiye aliyebadili maisha ya binti. Nyumbani kwake mlikuwa na vitabu, na Rukhmabai alisoma.

Hata hivyo mila ilikuwa na nguvu. Binti akaozwa kwa kijana wa miaka 19, Dadaji Bhikaji. Mpango ulikuwa kwamba kijana huyo akae kwa wakwe zake, asomeshwe, awe mtu wa maana. Shule hakuitaka. Akaondoka kwenda kuishi kwa mjomba wake.

Miezi michache baada ya harusi Rukhmabai alivunja ungo. Kwa desturi, hapo ndipo mke alipopaswa kuanza kulala na mumewe. Sakharam Arjun akasema hapana. Alikuwa daktari, alijua mwili wa mtoto hauko tayari kwa kazi hiyo. Hebu fikiria ujasiri wa mzee huyu: majirani wanasema, ukoo unasema, yeye anamkinga binti ambaye hata hakumzaa. Binti akabaki nyumbani kwa mama yake, na miaka ikapita.

KESI

Mwaka 1884 Dadaji alikwenda Mahakama Kuu ya Bombay kudai arudishiwe mkewe. Rukhmabai alikuwa amekaribia miaka 20. Akajibu kwamba ndoa ile ilifungwa yeye akiwa mtoto asiyejua kitu, na kwamba hakuwahi kuikubali. Baba yake wa kambo hakuona mwisho wa jambo hili, maana alifariki mwaka 1885, miezi michache kabla ya hukumu.

Hukumu ya kwanza, Septemba 1885, ilimpa Rukhmabai ushindi. Jaji Pinhey aliona ni ukatili kumlazimisha msichana aende kwa mtu asiyemtaka. Watu wakafurahi, lakini wengi zaidi wakakasirika. Mwanasiasa maarufu Bal Gangadhar Tilak alimshambulia gazetini. Kwa maoni yake, haya yote ni matunda ya kuwasomesha wasichana. Maneno hayo umeyasikia wapi? Mimi nimeyasikia kwenye vilabu vya pombe hapa hapa.

Rukhmabai hakunyamaza. Hata kabla ya hukumu alikuwa ameandika barua katika gazeti la *Times of India* akiwaeleza wasomaji mambo ambayo ndoa za utotoni zinamfanyia mwanamke. Hakuandika jina lake. Alijiita tu mwanamke wa Kihindu.

Dadaji akakata rufaa na kesi ikaanza upya. Machi 1887 Jaji Farran akatoa hukumu nyingine: Rukhmabai aende kwa mumewe, la sivyo afungwe miezi sita. Na hapa, msomaji, angalia jambo moja. Sheria hii ya kumrudisha mke kwa mumewe haikuwa mila ya Kihindu. Waingereza ndio waliokuja nayo kutoka kwao. Kumbe kwao Uingereza kifungo kwa kosa hilo kilikwisha kufutwa mwaka 1884! Kilichoachwa London kiliendelea kutumika Bombay.

Rukhmabai akajibu kwamba yuko tayari kwenda jela.

Hakwenda. Mwezi Julai 1888 pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Dadaji akapokea rupia 2,000 na kuachana na madai yake. Wapo wanaosimulia kwamba Malkia Victoria mwenyewe aliivunja ndoa ile. Hadithi hiyo ni tamu, lakini hii ya rupia 2,000 inatufaa zaidi, maana nasi tunakotoka binti huhesabiwa kwa ng'ombe. Uhuru wa Rukhmabai nao ulilipiwa, na waliolipa walikuwa watu wa upande wake.

Ninyi wavulana msidhani habari hii haiwahusu. Dadaji naye aliozwa na wazee. Angekubali kusoma, nani ajuaye?

KUTOKA MAHAKAMANI HADI CHUMBA CHA KUJIFUNGULIA

Huko Bombay alikuwepo daktari wa Kiingereza, Edith Pechey, mmoja wa wanawake saba waliogombana na Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1869 wakidai wasomeshwe udaktari. Huyu alijua maana ya kuzuiwa. Alimtia moyo Rukhmabai na kusaidia kuchangisha fedha. Mwaka 1889 Rukhmabai akapanda meli kwenda London, akaingia chuo cha udaktari cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1874. Alifuzu mwaka 1894. Mwaka uliofuata alirudi India, akapewa kuongoza hospitali ya wanawake ya Surat.

Hakuwa wa kwanza kabisa kupata shahada. Anandi Joshi alifuzu Marekani mwaka 1886, lakini alirudi akiwa mgonjwa wa kifua kikuu na kufariki Februari 1887, kabla hajatimiza miaka 22. Yeye naye aliozwa akiwa na miaka tisa, akazaa akiwa na miaka 14, na mtoto akafa baada ya siku kumi. Inasemwa kifo hicho ndicho kilichomsukuma asome udaktari. Kadambini Ganguly wa Calcutta naye alifuzu mwaka 1886. Rukhmabai yuko miongoni mwa wale wachache waliotangulia na kuifanya kazi yenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka uzeeni.

Kwa nini madaktari wanawake walihitajika sana? Kwa sababu wanawake wengi walikaa nyuma ya pazia. Daktari mwanamume hakuruhusiwa kuwaona, sembuse kuwapima. Mama angeweza kufa na daktari yupo mtaa wa pili.

Sasa turudi kwenye yale aliyoyajua Sakharam Arjun. Mwili wa msichana huanza kupata hedhi kabla ya nyonga, yaani mifupa ya kiuno anapopitia mtoto, haijamaliza kukua. Kuvunja ungo ni mwanzo wa safari tu. Msichana akipata mimba katika umri huo, kichwa cha mtoto kinaweza kushindwa kupita. Wakunga huita hali hii uchungu pingamizi. Anasukuma siku moja, ya pili, pengine ya tatu. Wakati wote huo kichwa kimebana nyama laini kati ya uke na kibofu cha mkojo. Damu haipiti, nyama inakufa, tundu linatokea. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Mama akipona anabaki akivuja mkojo mchana na usiku, na kama tundu limetokea upande wa nyuma, hata kinyesi. Hii ndiyo fistula. Hata mama mtu mzima anaweza kuipata kama amekaa na uchungu mrefu bila msaada, lakini msichana mdogo yuko hatarini zaidi.

Watu husema amelogwa, au eti alitembea nje ya ndoa. Uongo mtupu. Fistula haitokani na tabia, na haimwambukizi mtu. Inarekebishwa kwa upasuaji. Hapa Tanzania hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zimefanya upasuaji huo kwa miaka mingi. Ukimjua mtu aliyejificha ndani kwa sababu ya harufu, mwambie hivyo, taratibu, mkiwa wawili. Zahanati inaweza kumwelekeza aende wapi.

Zaidi ya fistula kuna kifafa cha mimba, ambacho huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza na wenye umri mdogo. Kuna pia upungufu wa damu, maana mwili unaokua bado unagawana chakula na mwili mwingine.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, kesi ya Rukhmabai na kazi yake ya udaktari vilikuwa jambo moja. Alichokikataa mahakamani ndicho kilichokuja kulazwa vitandani mwake. Mwaka 1891, kutokana na kelele zilizopigwa kuhusu kesi yake, na kifo cha binti mdogo Phulmoni Dasi aliyeumizwa na mumewe huko Calcutta, serikali ya India ilipandisha umri wa msichana kulala na mwanamume, hata mumewe, kutoka miaka 10 hadi 12. Ndiyo, 12 tu. Na hata hiyo ilipigwa vita.

Rukhmabai alitumikia Surat zaidi ya miaka 20, kisha Rajkot mpaka alipostaafu karibu na mwaka 1930. Hakuolewa tena. Alifariki tarehe 25 Septemba 1955, akiwa na miaka 90.

NA HUKU KWETU

Lile pazia la India lilifika hata Singida kwa njia ya ajabu. Zamani Kanisa Katoliki halikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Daktari Agnes McLaren wa Scotland, na baada yake Anna Dengel wa Austria, waliona wanawake wakifa huko Rawalpindi, wakati huo sehemu ya India, kwa kukosa daktari mwanamke. Wakaisumbua Roma kwa miaka. Mwaka 1936 Roma ikaruhusu. Mwaka 1937 likaundwa shirika la Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria, na mwaka 1954 masista hao wakafika Makiungu, hapa hapa kwetu. Muulize bibi yako. Huenda mmoja wa wazazi wako alizaliwa mikononi mwao.

Daktari mwanamke wa kwanza Mtanzania, Esther Mwaikambo, alifuzu Moscow mwaka 1969, akawa bingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa walioanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake.

Na upande wa mahakama? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandika kwamba msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana alipaswa kufika 18. Rebeca Gyumi, aliyekulia kwa jirani zetu Dodoma, alivipinga vifungu hivyo. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo na kuitaka serikali ivirekebishe. Halafu kuna Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Hiyo haijali kama mahari imelipwa au mzazi amekubali.

Tuseme basi umefika likizo, ukakuta barua ya posa mezani. Usingoje siku ya harusi. Anza na mtu mmoja wa nyumbani atakayesimama nawe, kama Sakharam Arjun alivyosimama: shangazi, babu, kaka mkubwa. Kisha mwalimu wa malezi, ofisa ustawi wa jamii, ofisa mtendaji wa kata, au dawati la jinsia na watoto polisi. Na kama mimba imekwisha kuingia, nenda kliniki mapema, ujifungulie hospitali, maana tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni.

JADILIANENI

Kaeni wavulana na wasichana pamoja. Rukhmabai alisema yuko tayari kufungwa. Je, bila mama yake, baba wa kambo na waliomchangia, angefika wapi? Dadaji alidai haki yake kwa mujibu wa sheria ya wakati ule. Mlikuwa majaji, mngeamuaje, na mngeieleza vipi hukumu yenu mbele ya wazee wa kijiji chenu? Na swali la mwisho, ambalo naomba kila mmoja akamuulize mwanamke mmoja wa nyumbani kwao aliye tayari kusimulia: ulijifungua mtoto wako wa kwanza ukiwa na miaka mingapi, na nani alikuwa nawe?