Taka Huhama, Hazitoweki

Wako watu wadhanio ya kuwa mto, msitu na pwani hudumu vile vile milele, mpaka mwanadamu aje aviharibu. Wengine hudhani kinyume chake: kila msiba wa mafuriko ni kazi ya maumbile, nasi hatuna lawama. Fikira zote mbili zina kasoro. Tuutazame Mto Msimbazi, upitao kando ya Tabata katika jiji la Dar es Salaam, nao utatufundisha.

Mto huu waanza katika vilima vya Pugu na Kisarawe, washuka mpaka Jangwani, kisha waingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Tangu kale haukutulia. Penye mteremko hula kingo zake. Penye tambarare hulegea na kuutua mzigo wake wa mchanga na tope. Mdomoni mwake mikoko huinasa tope hiyo kwa mizizi, miche mipya ikaota juu yake, kaa na samaki wadogo wakapata makao. Hata mafuriko yalikuwa na faida, kwa maana yaliacha rutuba bondeni. Mabadiliko hayo yalikwenda polepole, viumbe vikapata nafasi ya kuyazoea.

Lakini mkono wetu wenda mbio. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini Dar es Salaam watu wapatao 270,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta mkoani watu zaidi ya milioni 5. Miti ya Pugu imekatwa kwa kuni na mkaa, udongo ukabaki wazi. Bondeni pamejengwa nyumba, na bati na lami havinywi maji. Mvua ambayo zamani ingezama ardhini sasa hukimbilia mtoni mara moja, nao mto umejaa mchanga na plastiki. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, watu wapatao 40 wakafa, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ilikuwa ya maumbile. Ukubwa wa msiba ulikuwa pia kazi yetu.

Tabata yenyewe ina habari ifaayo kukumbukwa. Zamani jaa la taka za jiji lilikuwa hapo, na moshi na uvundo wake ukawatesa wakazi. Mwaka 1988 shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo ikaamuru utupaji ukome. Jiji likaomba muda, likaomba tena, hata mwaka 1991 Mahakama ikakataa kuongeza. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka ule ule, nao wakashinda.

Watu wa Tabata walidai haki yao, na wa Kunduchi vile vile. Lakini taka zilikuwa zile zile, zilihama tu. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu tukitupacho. Mfuko utupwao mferejini Tabata huziba mkondo Jangwani, ukaingia nyumbani mwa mtu tusiyemjua, na usiponasa hapo humfikia mvuvi nyavuni mwake.

Basi tufanye nini? Kuzuia mvua hatuwezi, wala haifai kutamani. Lakini kila nyumba yaweza kutenga maganda na mabaki ya chakula yawe mbolea, na kuiweka plastiki mbali na mfereji. Aliye na kiwanja kando ya mto aiache miti isimame, wala asiuze mchanga wa kingo, kwani auza ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Na wenye mamlaka wasingoje kushitakiwa ndipo watafute mahali pa kutupa taka pasipodhuru watu.

Wazazi, somo hili lianze jikoni, watoto wakitazama. Mtoto aliyezoea kujiuliza taka yaenda kwa nani hatakuwa jirani mbaya.